Darubini Nayo Inakula

Jioni za kiangazi, vumbi la mchana likishatulia, huitoa darubini yangu ya kioo cha sentimita 15 na kuisimamisha uwanjani, mbali kidogo na barabara kuu ya Dar es Salaam na Morogoro. Mikese si mahali pazuri pa kutazamia nyota. Malori yanayosogea kuelekea mizani yana taa za kupofusha, na kila moja likipita huna budi kufumba jicho ulilolizoesha giza. Lakini watu wapo, na mimi nawataka watu: utingo, mama wa chai, vijana wa bodaboda, na mwalimu mmoja mstaafu ambaye hata Zohali ikiwa mbele ya jicho lake hutafuta kalamu kwanza. Wakishaziona pete huanza kuzungumza, na mazungumzo yakirefuka hufika palepale: Tanzania nayo iwe na darubini ya utafiti, kubwa, yetu wenyewe.

Hapo sina ubishi. Ubishi wangu ni juu ya yale wanayoyaongeza baada ya hapo. Nimeyajibu kwa mdomo mara nyingi huku nikijipiga makofi ya mbu, leo nayajibu kwa kalamu.

"Darubini ni kioo na bomba. Haili, hainywi. Ukishainunua umemaliza."

Aliyesema hivyo ni dereva wa semitrela, na jibu langu la kwanza lilikuwa kumwonyesha kidole upande wa mizani. Ile nayo ni chuma na zege, haili wala hainywi. Mbona basi watu wa vipimo huja kuihakiki? Kwa sababu mizani iliyopotoka haizimiki. Inaendelea kutoa namba, na namba zake zinasomeka vizuri kabisa. Kosa ni kwamba si za kweli. Dereva yeyote aliyewahi kupimwa mahali pamoja akaambiwa yuko sawa, akapimwa pengine akaambiwa amezidisha, analijua jambo hili kuliko mhandisi.

Darubini iliyotelekezwa ni hivyohivyo. Inaendelea kupiga picha. Mtu anayetafuta sayari kwenye nyota nyingine, kwa mfano, hungoja sayari ipite mbele ya nyota yake na kupunguza mwanga kidogo. Sayari yenye ukubwa wa Mshtarii ikipita mbele ya nyota kama Jua letu, mwanga hupungua kwa asilimia 1 tu. Chembe ya vumbi iliyohama juu ya kamera inaweza kutoa upungufu kama huo. Usipojua hali ya chombo chako usiku huo, utatangaza sayari ambayo kumbe ni vumbi.

Sasa tuone inavyokula. Kioo cha darubini kubwa si kama kile cha kujitazamia, ambacho rangi yake ing'aayo iko nyuma ya glasi. Yake iko mbele, wazi, na ni utando wa alumini wenye unene wa nanomita 100 hivi, yaani sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Hewa inaugusa, umande unaugusa, vumbi linautulia. Mwezi hadi mwezi hufifia. Mwisho wake kioo hushushwa, alumini ya zamani huyeyushwa kwa dawa, glasi huoshwa, kisha huingizwa kwenye tangi lililonyonywa hewa yote ndani na kupakwa alumini mpya kwa mvuke wake.

Kule Sutherland, Afrika Kusini, kuna darubini iitwayo SALT, iliyozinduliwa Novemba 2005. Kioo chake kikuu, chenye upana wa mita 11 hivi, kimeunganishwa kwa vipande 91 vya pembe sita, kila kimoja mita moja. Vipande 91 maana yake ni kwamba kazi ya kupaka haina mwisho: unashusha kimoja, unapaka, unarudisha, unashusha kingine, na ukimaliza cha mwisho kile cha kwanza kimeshafifia. Mwanamke anayesiliba kuta za nyumba ya udongo kila mwaka baada ya masika anaielewa ratiba hiyo bila kuchorewa.

Na hayo ni ya kawaida tu. SALT ilipoanza kazi, picha zake hazikuwa kali inavyotakiwa. Pembeni zilitoka na ukungu. Baada ya uchunguzi mrefu ilionekana kwamba shida iko kwenye namna seti ya vioo vya kusahihisha mwanga ilivyofungwa kwenye mtambo. Mwaka 2009 seti hiyo ilishushwa chini, ikafunguliwa, ikapangwa upya; ikarudishwa 2010, na kazi ya utafiti ikarejea barabara 2011. Spektrografu yake kubwa, chombo kinachoupasua mwanga wa nyota uwe rangi zake, nayo ilikuwa ikipoteza mwanga ikabidi itengenezwe. Kisha vikaja vihisi vya kupimia kingo za vile vipande 91 ili vikae kama kioo kimoja. Vya kwanza vilibabaishwa na unyevu na joto, vikaondolewa, vikafungwa vya aina nyingine. Hesabu mwenyewe: darubini imezinduliwa, utepe umekatwa, hotuba zimesomwa, na miaka sita baadaye ndipo ilipokaa sawa. Hakuna aliyeiba wala aliyezembea. Mitambo ya namna hii huzaliwa hivyo, na mtu ambaye angeweka fedha za kuzaa bila fedha za kulea angekuwa na jengo zuri la kuonyeshea wageni.

Huku kwetu bajeti ya serikali ina mafungu mawili, fedha za maendeleo na matumizi ya kawaida. Darubini hununuliwa kwa fungu la kwanza na huishi kwa la pili. Kila kijiji kimewahi kuona pampu ya maji iliyokuja na bendi ya shule na ngoma, ikafa kwa kukosa washa ya mpira. Pampu ile haikuwa mbovu.

"Kioo kikichafuka, si unafuta tu?"

Hili naliandika kwa uchungu. Kuna shule moja ya njia hii, sitaitaja, niliyoiazima darubini yangu ya kwanza kwa wiki mbili. Ilirudi ikiwa safi, inang'aa, imefungwa kwa kanga mpya. Kwa wema kabisa mtu alikuwa amekisugua kioo kwa kitambaa kikavu. Usiku ule kila nyota ilikuwa na ndevu.

Vumbi la barabarani lina chembe za mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko alumini na hata kuliko glasi. Ukifuta, unaburuta msasa. Kanuni ya mwanzo ni kutokigusa: kioo chenye vumbi kidogo hupoteza mwanga kidogo, kioo chenye mikwaruzo hutawanya mwanga milele. Ukilazimika, unapuliza kwa kipulizio cha mpira, si kwa mdomo wenye mate. Ikishindikana, unakizamisha katika maji yaliyokenekwa yenye tone la sabuni na kuacha maji yafanye kazi. Kwenye vituo vikubwa hurushia kioo chembe za barafu ya kaboni dioksaidi zinazoinua vumbi na kuyeyuka hewani bila kuacha unyevu.

Adui mkubwa zaidi wa kwetu si vumbi, ni kuvu. Lenzi iliyofungiwa kabatini wakati wa masika huota nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, na kuvu hiyo hutoa tindikali inayokula rangi ya lenzi. Dawa yake ni ukavu. Mimi huweka vijifuko vya silika ndani ya sanduku; zile punje zikinywa unyevu hugeuka kutoka buluu kuwa pinki, nami huzikaanga polepole kwenye kikaango kisichopikiwa tena chakula, mpaka buluu irudi. Mama wa chai aliniona siku moja akadhani nimeanza uganga.

"Ya zamani ni chuma chakavu. Tukipata, tupate mpya."

Kijana wa bodaboda anayelisema hili anaendesha pikipiki iliyobadilishwa injini mara mbili.

Darubini ina sehemu mbili zenye umri tofauti. Kioo na mhimili wake wa chuma, vikitunzwa, hufanya kazi miaka mingi kuliko binadamu aliyevifunga. Vyombo vinavyoukamata mwanga, yaani kamera na spektrografu, huzeeka haraka kama simu. Kwa hiyo unabadilisha jicho, unaacha mifupa.

Hapohapo Sutherland ipo darubini ya kioo cha mita 1.9, ambayo kwa inchi ni 74. Iliundwa Uingereza na kampuni ya Grubb Parsons, ikaanza kazi Pretoria mwaka 1948, wakati ambapo hapakuwa na kubwa kuliko hiyo katika nusu ya kusini ya dunia. Taa za Pretoria zilipoizidi nguvu, iling'olewa katika miaka ya 1970 na kuhamishiwa kwenye ukame wa Karoo. Mwaka 2015 ilifungiwa spektrografu iliyoundwa upya, na inatumika. Fikiria tofauti: sahani za picha za zamani zilinasa chembe 1 au 2 tu katika kila chembe 100 za mwanga zilizozifikia, ilhali kamera za kielektroniki za leo zinaweza kunasa 90. Kioo hakikukua hata unywele mmoja, lakini mavuno ya mwanga yaliongezeka mara makumi kadhaa. Hakuna kiwanda kitakachokuuzia kioo kikubwa kiasi hicho kwa bei ya kamera.

Kule Namibia, karibu na mlima Gamsberg, darubini za H.E.S.S. hunasa mimuliko hafifu inayotokea angani miale ya gama inapogonga hewa. Hazina kuba, vioo vyake vinalala nje jangwani mwaka mzima. Nne za mwanzo, za mita 12, zilikamilika mwishoni mwa 2003. Vioo vyake vilipakwa upya, na miaka ya 2015 na 2016 kamera zake zikafungwa vifaa vipya ndani. Ukizitazama kwa mbali ni zilezile.

Na chuma chakavu halisi je? Ghana walikuwa na dishi la mita 32 pale Kuntunse, nje ya Accra, lililojengwa kwa ajili ya simu za setilaiti. Nyaya za baharini zilipokuja, dishi likakosa kazi. Badala ya kuliuza kwa kilo, wakalikagua, wakauamsha mfumo wa kuligeuza, wakafunga vipokezi vya mawimbi ya nyota, na Agosti 2017 likatangazwa kuwa darubini ya redio. Majirani zetu Kenya wana kituo cha aina hiyo chini ya mlima Longonot, kilichofunguliwa 1970, na madishi yake yamewahi kuwekwa katika mipango ya mtandao wa darubini za redio wa Afrika. Nasi tuwe waangalifu na mikono ya wanunuzi wa vyuma.

"Siku hizi ziko darubini za angani. Za ardhini za nini?"

Huyu ni utingo, na alikuwa ameona picha za James Webb kwenye simu. Jibu fupi: Hubble, darubini ya angani iliyoitangulia. Ilirushwa Aprili 1990, ikagundulika kwamba kioo chake kilisuguliwa vibaya kwa kiasi kidogo kuliko unywele, kama sehemu moja ya hamsini ya unene wake. Ilikuwa aibu ya dunia nzima. Desemba 1993 wanaanga walipanda wakaifunga vioo vya kusahihisha, na hadi 2009 ilikuwa imefanyiwa safari tano za matengenezo, kila moja ikibadilisha vifaa. Aina ya darubini anayoisifu utingo kwa kuwa "haihitaji fundi" ndiyo iliyohudumiwa na mafundi wa gharama kuliko wote waliowahi kushika spana. Webb yenyewe iko kilomita milioni 1.5 kutoka hapa, hakuna wa kuifikia. Ikilegea skrubu, imelegea. Ya ardhini unapanda ngazi.

"Tuipandishe juu Uluguru."

Hili nililisema mimi mwenyewe, miaka ya nyuma, kwa sauti kubwa. Ukisimama Mikese asubuhi safu ile imekaa kama ukuta, na moyo unakwambia juu ndiko karibu na nyota. Kimhandu unapita mita 2,600, na Lupanga, ulioinamia mji wa Morogoro, una mita 2,138. Sasa linganisha: Paranal nchini Chile, penye darubini nne za Ulaya zenye vioo vya mita 8.2, pana mita 2,635. Karibu sawa na Kimhandu! Ila Paranal ni jangwa la Atacama, lenye usiku usio na mawingu zaidi ya 300 kwa mwaka. Kimhandu ni msitu wa mawingu. Upepo wa Bahari ya Hindi unapanda, unapoa, unaacha maji. Miteremko ya mashariki hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na ndiyo sababu Ruvu unatoka huko na Dar es Salaam inakunywa. Mlima unaotunywesha hauwezi pia kutukaushia kioo.

Waangalizi wengi hufunga kuba unyevu wa hewa unapokaribia asilimia 85 au 90, wakihofia umande kulala kwenye kioo. Pale juu kuba lingekuwa limefungwa wakati mwingi, nasi tungekuwa tunalipa walinzi wa kuulinda ukungu. Na tungekata msitu kupitisha barabara ya kupelekea matangi ya alumini.

Waethiopia wameonja tatizo la jamii hiyo. Kituo chao cha Entoto, chenye darubini mbili za mita 1, kiko juu, kama mita 3,200, lakini kiko mgongoni mwa Addis Ababa, na mji una taa, na nyanda zile zina msimu mrefu wa mawingu. Mahali pa darubini hupimwa kwanza, kwa vifaa vidogo, miaka kadhaa: mawingu, unyevu, vumbi, mtikisiko wa hewa. Simwambii mtu kwamba ni Mikese. Mikese kuna vumbi, moshi wa mashamba yanayochomwa mwezi wa Septemba, na Morogoro inayotanuka kwa taa. Tuna jambo moja la bure tu: tuko chini kidogo ya Ikweta, kitovu cha Njia ya Maziwa hupita karibu na utosi wetu, na anga la kaskazini na la kusini karibu lote linaonekana. Hilo Singida wanalo pia, bila ukungu wa Uluguru.

"Ikiharibika tutatengeneza."

Mwenye duka. Nilimsimulia habari ya Arecibo, darubini ya redio. Sahani ya mita 305 kule Puerto Rico, ilifunguliwa 1963, na juu yake jukwaa la tani 900 lililoning'inia kwa nyaya nene za chuma. Ncha za nyaya zilikuwa zimeshikwa ndani ya soketi kwa zinki iliyomiminwa. Zinki ile ilikuwa inalegea polepole, na baadhi ya nyaya zilionekana kwa macho zikichomoka kidogo kidogo, hasa baada ya kimbunga Maria cha 2017. Agosti 2020 waya mmoja wa nyongeza ukachomoka kwenye soketi. Novemba mmoja mkuu ukakatika. Wahandisi wakasema sasa kuitengeneza ni kuhatarisha watu. Asubuhi ya tarehe 1 Desemba jukwaa likaanguka lote juu ya sahani. Neno "tutatengeneza" lina siku ya mwisho, na siku hiyo haiandikwi popote.

Mwenye duka akauliza kama ilikuwa na bima.

"Mafundi watatoka wapi? Wazungu."

Dai hili husemwa kwa unyonge, nalo hunikera kuliko yote. Orodhesha kazi zenyewe: kupaka grisi beringi na kupima mchezo wa gia, kubadilisha mafuta ya haidroliki, kutunza pampu za kunyonya hewa na mashine za kupoza kamera, kusawazisha umeme unaoyumba, kuzika nyaya za radi, kuzuia kutu. Nusu ya kazi hizo hufundishwa katika chuo cha ufundi cha VETA pale Kihonda, na mji wenye karakana ya vichwa vya treni haukosi mtu wa beringi. Tangu 2024 treni ya umeme inapita bondeni hapa kila siku, na wanaoihudumia wanaongea Kiswahili. Kinachobaki ni ufundi wa vioo wa kipimo cha nanomita na programu za kompyuta, navyo husomwa. Kuna jambo moja tu ambalo Morogoro ingefanya vibaya kuliko Chile: panya. Pale Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, SUA, shirika la APOPO limewafundisha panya kunusa mabomu ya kutegwa ardhini na makohozi ya kifua kikuu, lakini hakuna aliyewafundisha kuacha nyaya.

Halafu kuna ujuzi mmoja usio na cheti. Kituo cha darubini huishi kwa daftari: usiku gani, unyevu kiasi gani, nani alifungua nini, skrubu ipi ilizungushwa nusu mzunguko na kwa nini. Mtu wa 2015 aliyefunga spektrografu mpya kwenye chuma cha 1948 alihitaji kujua waliomtangulia walifanya nini. Bila daftari kila fundi anaanza na Adamu.

Mwalimu mstaafu amelianza la kwetu, bila kuombwa, kwenye daftari la kurasa 96 lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Ameandika tarehe, mawingu, na majina ya walioitikisa darubini. La mwisho linasema: "Jumamosi. Silika imekaangwa. Skrubu ya kushoto imelegea, mwenyewe ameambiwa." Bado sijaikaza.